Bibi Harusi Aliyegoma Kula Kondoo

Nthabeleng Mofokeng wa Botshabelo, Afrika Kusini, alikuwa na miaka arobaini na minne, cherehani sita na maneno machache. Watu walimwita mgumu. Waliomwita hivyo hawakuwepo siku wanaume wawili wenye karatasi za mahakama walipoingia kwake na kubeba cherehani zake nne, kwa sababu bucha ya mumewe wa kwanza ilikuwa imefilisika. Alilia, akawaonyesha risiti zenye jina lake. "Mama, umeolewa bila mkataba," wakamwambia. "Mali yake ni yako, na deni lake ni lako." Mume akaenda zake kwa mwanamke mwingine, na Nthabeleng akaanza upya na sindano ya mkono, akishona magauni ya seshoeshoe, kitambaa cha heshima cha Wasotho, kwa wake za watu.

Miaka kumi na mmoja baadaye akaja Tshokolo, fundi wa mabasi aliyefiwa na mke, mpole mpaka anaudhi. Alipoleta habari za ndoa, Nthabeleng hakuzunguka mbuyu.

"Nakupenda. Lakini kwanza wakili, ndipo mchungaji."

"Kwani unaniona mwizi?"

"Sikuogopi wewe, naogopa karatasi. Wewe ukianguka kesho, si afadhali mmoja wetu awe amesimama akuinue?"

Tshokolo alinuna siku mbili, ya tatu akarudi kusema sawa. Wakapangiwa Jumatatu kwa wakili mmoja mama wa Bloemfontein. Kwenye simu wakili akauliza kama mahari yametolewa. Yametolewa, wakasema, hakuna ng'ombe aliyebaki kudaiwa.

"Na bibi harusi ameshapelekwa ukweni? Ameshakula kondoo?"

"Bado."

"Basi asile! Akishakula nyama ya koae, huyo kondoo wa kumpokea bibi harusi, ni mke wa mtu, na sheria inaweza kumhesabu hivyo hivyo. Sasa huo mkataba wa kabla ya ndoa utakuwa kabla ya nini?"

Kosa alilifanya Tshokolo: hakuwaambia shangazi zake. Jumamosi wakamwita Nthabeleng "aje tu kusalimia." Kufika, akakuta kondoo ameshachinjwa, blanketi la bibi harusi limekunjwa kitini, na jina lake jipya la ukweni limeshachaguliwa. Shangazi mkubwa, Puseletso, ambaye ukoo mzima ulimwogopa, akamwekea sahani mapajani.

"Kula, mwanangu. Leo unakuwa wetu."

Nyama ilikuwa ya moto. Akila, cherehani zote sita, pamoja na riziki ya wanawake watatu wanaomshonea, zinaingia chungu kimoja na bahati ya mwanamume. Asipokula, ukweni wanamfungia mlango. Najua wapo watakaosema angeonja kidogo kwa heshima. Hao hawawajui Wasotho. Koae haionjwi, ukimeza umeolewa.

"Nisamehe, shangazi. Nitakula Jumanne."

Vigelegele vya shangazi vikakatika, kejeli zikaanza.

"Jumanne! Tangu lini kondoo akangoja kalenda?"

"Labda meno yake ni ya kuazima, mwenyewe atayaleta Jumanne!"

"Huyu kaja kuolewa au kufungua duka?"

Tshokolo akasimama. Tangu azaliwe hakuwahi kuwapinga shangazi zake. Akaichukua ile sahani, akaifunika kwa nyingine.

"Kosa ni langu, sikuwaambia. Jumatatu tunakwenda kwa wakili kuandikishana, kila mtu na mali yake. Nikimwacha ale leo, nitakuwa nimemdanganya."

Puseletso akasonya. "Ndoa ya karatasi!" Akaingia jikoni na kuubamiza mlango.

Nthabeleng alimfuata kuomba radhi. Alimkuta amesimama mbele ya beseni la vyombo, haoshi kitu.

"Huyo wakili wenu," Puseletso alisema bila kugeuka, "anaongea na vikongwe?"

"Anaongea na kila mtu, shangazi."

"Nyumba yangu niliijenga kwa kufulia watu nguo, miaka ishirini. Mzee wangu kakopa, kanunua lori bovu. Sasa wanaomdai wanaitaka nyumba. Mimi niliyekula koae nikiwa na miaka kumi na tisa, na mimi naweza kusaini?"

Nthabeleng alijua ule mkataba hauwezi kumrudisha bibi huyu kwenye miaka kumi na tisa. Alimwonea uchungu, na hasira yote ya sebuleni ikamtoka. Hakutaka kumdanganya, wala hakuweza kumwambia hapana.

"Twende wote kwa wakili Jumatatu, shangazi. Tukamuulize wenyewe."

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Puseletso akajifuta macho kwa kiganja chenye mafuta ya kondoo.

"Nitakuwa njiani nawangoja," akasema. "Ila wenzangu usiwaambie."