Udongo Mweupe Juu ya Ufa

Kuna siku moja huwa inanijia nikiwa nachambua mboga, mwanangu, na leo imenijia kwa sababu yako. Nimekuona asubuhi ukisukuma kabati ya vyombo mbele ya ule ufa wa ukuta. Nimekunywa chai yangu kwanza. Sasa chai imeisha.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu, hapa hapa karibu na Kariandusi, na nilikuwa mrembo, hata usicheke. Babu yenu alikuwa amenijengea nyumba ya udongo, vyumba viwili, nikaipaka ule udongo mweupe unachimbwa huko chini. Iling'aa mpaka watu wakienda kanisani wanasimama kuangalia. Mchana mmoja niko shambani nachuma minji, zile njegere, ardhi ikatikisika. Si kama hii ya wiki jana ya kumwaga chai kidogo. Ile iliniketisha chini. Kufika nyumbani, ukuta umepasuka kutoka dirisha mpaka chini, mkono wangu unaingia.

Ungeona vile watu walikuja. Madereva wa malori kutoka Salgaa walituletea mahindi bila kuitwa. Akina mama wa kanisa za Nakuru wakaleta blanketi. Serikali ikaleta tenti, tukalala kwa uwanja wa shule, kijiji chote, githeri ya mahindi na maharagwe inapikwa kwa sufuria moja kubwa. Ile githeri bado naitamani. Nimepika nyingi tangu hapo na hakuna imekuwa kama ile.

Halafu chifu akasema wageni wanatoka Nairobi kuangalia nyumba. Ile imeharibika itawekwa alama nyekundu, mwenyewe apate mbao, mabati na fundi. Mimi kwa hayo yote nilisikia neno moja tu: wageni. Sasa bibi arusi atapokeaje wageni na ukuta umefungua mdomo? Nikakanda matope na mavi ya ng'ombe, nikajaza ufa, nikapaka udongo mweupe mara mbili. Nikarudisha na godoro, ati tutalala kwetu.

Ofisa akafika na brashi yake. Akaniuliza, "Mama, hii yako imeponaje?"

"Ilijengwa vizuri," nikamjibu. Nikampa na chai.

Akaenda kwa jirani. Mama mkwe wangu, mimi nilimwita Maitu, alikuwa amesimama kwa mlango amekunja mikono.

"Umempaka mgonjwa poda," akasema, "halafu daktari akija unamwambia hapa hakuna mgonjwa."

Nikanuna. Nikamwambia nyumba ni yangu.

"Ni yako. Lakini huyo unalala naye ni mtoto wangu. Leta godoro."

Akalibeba mwenyewe, kwa kichwa, mpaka kwa tenti yake, mimi nyuma nalia kwa hasira.

Mvua ikanyesha siku tatu. Ya nne, tukiwa tunakunywa uji, ukuta ukalala chini, pale pale kitanda kilikuwa. Nikakimbia kwa chifu. Malori yalikuwa yameshaenda, na kwa kitabu chao nyumba yangu imeandikwa nzima.

Unajua Maitu alifanya nini? Yake ilikuwa imewekwa alama na mabati yameshashushwa. Akaambia fundi, "Yangu ifupishe. Nusu pelekea huyu mrembo." Akaishi kwa chumba kimoja mpaka kufa kwake, na hayo mabati hakunitajia hata siku moja. Ila akinipata napaka ukuta, alikuwa anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Tunacheka mpaka tunashika tumbo. Siku hizi hata nikiona mtu mwingine akipaka, huwa nageuka nione kama Maitu anakuja. Hakuna mtu anauliza.

Kwa hivyo mwanangu, kesho hao watu wa serikali wakija kuangalia nyumba, wacha waone ufa. Waonyeshe na kidole, hata ule mdogo wa jikoni. Mtu hawezi kukusaidia na kitu umemficha. Na mtu akisimama kwa mlango wako akwambie ukweli, usinune kama mimi, chukua godoro umfuate ukiwa bado na nafasi.

Mungu akulinde, wewe na huyo mjukuu wangu amekuoa. Akupe ukuta wa kusimama, na akuwekee mtu wa kukuuliza mgonjwa anaendeleaje, miaka mingi, mpaka umchoke. Haya, shika kabati huo upande.