Firigisi ya Kaka Wekesa

Iko siku moja ninayoikumbuka kila ninapomsikia mtu wa kwetu akijibu simu ya nyumbani, "Mimi sina neno, niko sawa," na sauti yake imekauka. Keti, mwanangu, nikusimulie. Si hadithi tamu.

Nilikuwa kijana wa chuo, nikiishi Irving, hapa Marekani, kwa kaka yangu Wekesa na mkewe, shemeji Nafula. Baba yetu alifariki kule Bungoma mimi nikiwa mdogo, na Wekesa ndiye aliyenilea. Hapa alipakia mizigo kwenye ndege, kazi ya kuvunja mgongo, na kula nje haikuwa desturi yake. Basi tulishangaa jioni moja alipotuambia tuvae vizuri, twende Dallas, kuna mahali Wajapani wanachoma mishikaki ya kuku.

Palikuwa mahali pa wenye nazo. Taa hafifu, watu wananong'ona kama wako kanisani. Tuliketishwa mbele ya mpishi, karibu na makaa yake. Alichoma kuku kipande kwa kipande: paja, ngozi, moyo, hata gegedu la kifua, kila kimoja na kijiti chake. Kilikuwa chakula kitamu, sikatai. Ila Wekesa alionja kidogo, akaweka chini. Nikadhani hapendi mapishi ya kigeni.

Kisha ikaja firigisi. Mwanangu, wewe umezaliwa huku, labda hujui: kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mdogo haigusi mkubwa akiwepo. Baba alipozikwa, mama alimwekea Wekesa firigisi mbele ya wazee, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeila nyumbani kwetu.

Wekesa akaisogeza mbele yangu.

"Kula, Simiyu."

Nikacheka. "Kaka, si hii ni yako?"

"Nimesema kula."

Shemeji akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Yeye alielewa kabla yangu. "Baba Neema," akamwita polepole kwa jina la mtoto wao, "uko mgonjwa?"

Kaka akatazama moto. Akasema ni saratani ya ini, na kwamba madaktari walimwambia tangu wakati wa baridi kuwa hakuna la kufanya. Wakati huo tulikuwa kwenye joto la Agosti.

"Miezi hiyo yote nalala kando yako," shemeji akasema.

"Sikutaka muanze matanga nikiwa hai."

"Na leo umenivalisha, ukanileta katikati ya wageni, ili nisiweze kulia."

Mpishi alituwekea mishikaki mingine, akainama kwa heshima. Maskini, hakujua kitu. Shemeji alishika ukingo wa meza mpaka tulipoinuka. Na firigisi niliila, kwa sababu kaka alikuwa ananitazama.

Hakuifikia Krismasi. Mama alikuwa bado anahangaikia viza Nairobi. Alipomwona mwanawe, alikuwa tayari ndani ya sanduku. Baada ya maziko Nafula aliniita kando. "Simiyu," akaniambia, "kifo sikilaumu, sote ni wa kufa. Lakini kaka yako alininyima kumuuguza. Ningemkataza ile mizigo. Mama angekuja mapema, akamshika mkono."

Mpaka hapo nilikuwa nikimsifu Wekesa kwa ushupavu. Shemeji alinifungua macho: kile nilichokiita ushupavu kilikuwa upweke, na yeye mwenyewe ndiye aliyejifungia ndani yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huku ugenini, mwanangu, tumekuwa mafundi wa kuficha. Tunawaficha walio nyumbani, tunawaficha wa kanisani, tunamficha hata tunayelala naye kitanda kimoja, na tunasema huo ni upendo. Usidanganyike. Unadhani unawapunguzia wapendwa wako uchungu, kumbe unawapunguzia siku za kuwa nawe. Ukiumwa, sema. Ukipoteza kazi, sema. Masomo yakikushinda, sema. Na usingoje mpaka umepata maneno mazuri; sema mapema, nyumbani kwako, mahali ambapo mtu anaweza kupiga yowe akitaka.

Mungu akujalie watu wa kuwaambia, na akupe ulimi usioogopa kuwaambia. Akulinde barabarani na kazini. Na siku yako ya dhiki ikifika, maana kila mtu ana yake, isikukute peke yako.