Farasi Aliyefika Peke Yake

Waliokuwepo siku ile ni hawa, nawataja wote ili asije mtu akasema nimeficha shahidi: mdogo wangu Riziki, Papa Anselme, mteja wangu wa suruali, Juma wa Tanga, anayeuza mikanda pale nje, Nomsa, dada wa dirisha la malipo, na wazee wawili ambao sijawahi kujua majina yao, wanaokaa chini ya televisheni tangu asubuhi kama vile wamepanga hapo. Na mimi, Sifa, fundi cherehani, kiongozi wa kwaya (naam, kwaya ya kanisa), nikiwa nimepiga magoti katikati ya duka la kamari la Troyeville, namshukuru Mungu kwa wimbo. Nikikumbuka hadi leo natafuta pa kuficha uso.

Ilikuwa Januari 2018, siku ya Ijumaa. Chuo kimoja cha Braamfontein kilikuwa kimempokea Riziki kusomea kazi ya maabara, na ada ilitakiwa kabla hawajafunga siku hiyo. Mimi shule niliiacha darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikaanza kushona ili huyu mmoja asome. Nilimleta Johannesburg nikiwa bado nambeba mgongoni, na ndiyo maana anaelewa Kiswahili chote lakini kukijibu anajibu kwa vipande. Mfukoni nilikuwa na nusu ya ada. Nayo ilikuwa ya likilimba: sisi kina mama wa kanisani tunachanga kila mwisho wa mwezi, mmoja anachukua zote, mwezi mwingine anachukua mwingine, na Mama Chantal anayetunza fedha alinirusha mbele ya foleni akaniambia, "Chukua wewe kwanza, mtoto asome, utaendelea kuchanga na sisi hadi mwisho." Mpango wetu ulikuwa kwenda na hiyo nusu, tuombe watupokee, iliyobaki tulete baadaye.

Basi tukiwa njiani nikasema tumpelekee Papa Anselme suruali yake, duka la kamari anakoshinda liko njiani, dakika moja tu. Huo ndio uamuzi wote. Suruali.

Pale ndani walikuwa wanaangalia mbio za farasi za Uingereza, zile za kuruka viunzi, huko matope na ukungu, huku kwetu jua linachoma bati. Farasi walikuwa wanazungushwa kwa kamba kabla ya kuanza, nami nimesimama na suruali ya watu mkononi, Papa Anselme akanitania: "Fundi, wewe unapima watu kwa macho, hebu nipimie na farasi." Nikaangalia. Kazi yangu ni mabega na nyonga. Mtu akiingia kwangu najua koti litamvuta wapi kabla sijagusa futi. Nikasema namba saba, mabega yake yako sawa, hao wengine wamekaa upande. Namba saba akashinda. Mbio zilizofuata nikasema namba mbili, akashinda. Wazee wa televisheni wakageuka kuniangalia (hao hawageuki hata duka likiungua), Papa Anselme akaanza kuniita Profesa, na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniita hata mwalimu, nikajisikia kichwa kinakua.

"Yaya, twende," Riziki akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

"Moja tu."

"Yaya. Chuo."

"Tukienda na nusu watatufukuza, Riziki. Tukienda na nzima watatupa kiti."

Nikampa Nomsa pesa ya likilimba, yote, kwa namba nne. Nomsa aliniangalia, akaniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba mabega hayadanganyi.

Farasi wakaondoka. Namba nne alikuwa wa tatu, akawa wa pili. Kwenye kiunzi cha upande wa mbali wakaruka wengi kwa pamoja, matope yakaruka, nikaona mtu ameanguka anabingirika, nikasema maskini wa Mungu, na namba nne akatoka pale mbele kama aliyefunguliwa! Mwepesi, masikio juu, anaruka viunzi kama anacheza, anawaacha. Juma akasema, "Dada Sifa, subiri, dada, angalia mgongoni," lakini nani amsikilize Juma? Farasi wangu akafika wa kwanza.

Nilipiga kigelegele kikasikika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kuu. Nikamnyanyua Riziki. Nikampigia Mama Chantal simu, nikapaza sauti, "Mama, mtoto amepata chuo!" nikaacha simu wazi ili asikie furaha, nikaagiza kwa spaza, kile kiduka cha jirani, soda za duka zima kwa mkopo, kisha nikapiga magoti nikaanza wimbo, na Mama Chantal huko kwenye simu akaitikia, hajui tuko wapi.

Nomsa alingoja nimalize ubeti. Akanirudishia karatasi yangu chini ya kioo, polepole.

"Dada, hakuna kitu hapa. Mpandaji alianguka."

"Lakini farasi amefika!"

"Amefika peke yake. Haihesabiki."

Wale wazee walicheka hadi mmoja akakohoa. Papa Anselme akapiga paja: "Profesa, umebeti yatima mwenzako! Amekimbia vizuri, hana mtu mgongoni!" Kisha akaona uso wa Riziki, akavua kofia yake kama yuko msibani. Na kutoka kwenye simu, Mama Chantal: "Sifa? Farasi gani? Uko wapi, Sifa?"

Riziki hakulia. Alisema tu, "Eish, Yaya," akatoka, akakaa kwenye ukingo wa barabara na bahasha ya vyeti vyake mapajani. Soda zikaja. Juma ndiye aliyezilipa.

Jumatatu nilikwenda chuoni peke yangu kuomba radhi, nikidhani nitafukuzwa. Mama wa ofisini alikuwa mpole, na afadhali angekuwa mkali. Akaniambia nafasi zimejaa. Akasema Ijumaa kuna waliokuja na nusu, wakapokelewa wote.

Hilo la nusu sikumwambia Riziki. Nadhani anajua.

Siku hizi anasuka nywele mtaa wa Berea, vidole vina haraka, wateja wanampenda, na kila mwaka anasema chuo ni mwaka kesho. Mimi duka lile siingii tena, na sitaingia. Suruali za Papa Anselme namkabidhi pale kwenye robot, naye anapokea bila utani. Kina mama walinisamehe, kwaya wakanirudishia baada ya muda, lakini likilimba haijaisha na mchango wangu wa kila mwezi bado nadaiwa. Kila mwisho wa mwezi nikikaa kuhesabu, Riziki anaingia na mkono wenye harufu ya mafuta ya nywele, anaweka noti zake kando ya mkasi wangu.

"Ya Mama Chantal, Yaya," anasema, na anakwenda kulala.