Tetemeko Halikunihamisha Mamboleo

Ardhi ilipotikisika nilikuwa nimesimama juu ya stuli dukani kwangu Mamboleo, Kisumu, nikipanga vikombe kwenye rafu ya juu. Vilianza kugongana vyenyewe. Nikashuka, nikatoka nje, nikawakuta wenye maduka wenzangu wamesimama, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyemsukuma. Hakuna aliyeumia. Jioni redio ikasema tetemeko hilo lilikuwa na nguvu, na lilianzia chini ya ziwa, mbali na ufuo.

Kesho yake simu zilijaa ujumbe wa sauti wa mwanamume asiyejitambulisha. Alisema tetemeko kubwa zaidi lingekuja Jumamosi, na dalili zimeshaonekana: maji ya ziwa yamerudi nyuma, samaki wanakufa. Kufikia Alhamisi majirani wawili walikuwa wamefunga maduka na kwenda mashambani kwao.

Kaka yangu akapiga simu kutoka Murang'a. Alitaka nifunge nirudi nyumbani, maana Kisumu mimi ni mgeni tu. Neno hilo liliniuma kuliko hofu. Nimeishi hapa miaka ishirini. Niliwahi kukimbia fujo za uchaguzi, nikarudi nikakuta duka limebaki kuta tupu, nikaanza upya na katoni moja ya vikombe.

"Nilishafukuzwa na watu, kaka, nikarudi," nikamwambia. "Sasa nifukuzwe na sauti ya mtu asiyetaja hata jina lake? Sitoki."

Hata hivyo sikutaka kubisha tu bila kuona. Ijumaa asubuhi nikamwomba mama anayeuza samaki mkabala na duka langu anipeleke ufuoni karibu na Kisian, alikozaliwa. Kweli, maji yalikuwa yamerudi nyuma, na samaki wadogo waitwao ngege walikuwa wakielea wamekufa. Yule mama akainama, akachota tope, akanusa. Akanieleza kwamba upepo wa msimu huo husukuma maji upande wa pili, na yale ya chini yakipanda samaki hukosa hewa. Ameyaona hayo tangu utotoni, bila tetemeko lolote.

"Mama mwenzangu, kama litakuja, mimi sijui," akasema. "Huyo wa kwa simu pia hajui. Mimi kesho nauza."

Jumamosi tulifungua. Nilishusha vikombe vyote sakafuni na kufunga kabati ukutani kwa waya. Mteja mmoja akaniuliza kama siogopi. Nikamjibu kwamba naogopa, huku nikimfungia sahani zake kwa gazeti. Siku ikapita.

Jingine lilikuja Jumanne iliyofuata, adhuhuri, dogo, maji yakiwa yamesharudi ufuoni na samaki wakiwa wazima. Hakuna aliyelitangaza. Mimi na yule mama tulikimbilia mahali pa wazi, tukashikana mikono hadi likatulia. Wale majirani wawili, waliokuwa wamerudi siku iliyotangulia, walikuwa wakitetemeka kuliko sisi. Nikaingia ndani, nikawasha jiko, nikawachemshia chai.