Ukuta wa bibi umemeza maboksi yangu

Leo nimegonga ukuta wa watu mpaka vidole vimevimba. 😩

Iko hivi. Mimi ni fundi umeme, na wiki iliyopita nilipitisha waya kwenye nyumba ya tope ya bibi mmoja kule Gehandu. Paipu zote zimelala ndani ya ukuta.

Sheria yetu ni kwamba kwenye kona ya paipu waya zinapita tu, haziunganishwi. Unaunganishia kwenye boksi dogo lililozamishwa ukutani, na boksi lazima lifunguke siku zote. Kiungo kikilegea mahali usipofika, nyumba inaungua hivihivi.

Nikaunganisha vizuri. Vifuniko tu ndiyo sikuwa navyo, nikasema nitavileta kutoka Katesh.

Leo narudi navyo... ukuta laini kama shavu la mtoto! Boksi hata moja silioni.

"Shikamoo bibi. Yale maboksi yako wapi?"

"Marahaba. Yale matundu? Nimeyasiliba kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Kesho wanakuja kumposa mjukuu wangu, waone nyumba ina matundu?"

Jamani! Amejaza mpaka ndani, juu ya viungo vyangu. Na kazi yenyewe safi kweli.

Matatu nimeyapata. La nne silioni, na umeme unawashwa kesho hiyohiyo. Naandika huku napumzisha vidole.

Bibi yupo kwenye kigoda, ananiangalia tu. Sasa hivi kaniuliza:

"Kama ulitaka pafunguke, mbona uliondoka bila kuweka mlango?"

Nyie, nimjibu nini?