Mara Tatu Alifungua Kitambaa

Tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan, nilipata kazi ya uuguzi Arua, nikatumwa Koboko kufundisha wanavijiji namna ya kuzuia damu isimmalize mtu kabla hajafika hospitali. Nilikuwa msichana bado, na nilijiona najua sana.

Katika kijiji cha Ludara walikuja wakulima kama ishirini, tukakaa katika darasa la shule lililong'olewa mabati wakati wa vita. Nilimlaza mmoja sakafuni, nikakunja kitenge, nikakandamiza paja lake kwa mikono miwili.

"Bonyeza kwa nguvu zako zote," nikasema. "Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu. Usifungue kuchungulia. Wengi wamekufa hivyo, mikononi mwa watu waliowapenda."

Hayo ya mwisho hayakuwemo kwenye somo. Niliyaongeza kwa madoido.

Mama mmoja aliyekaa nyuma, mjane wa askari, akainua mkono. "Sista, na kama mutu alifungua mara tatu?"

Nikacheka. "Basi alimmaliza mgonjwa wake mwenyewe, mama."

Darasa zima likainamisha macho. Wao walijua, mimi sikujua, mpaka aliyekaa mbele akaninong'oneza. Wakati wa vita vya mwaka sabini na tisa, wakikimbilia mpaka wa Sudan, mumewe alipigwa risasi ya paja, naye akamshikilia kando ya njia, peke yake na watoto.

"Mimi nilitaka kuona tu kama damu imesimama," akasema. Akajifunga leso yake, akatoka.

Nilimfuata mbio. Nikamwambia kwamba jeraha la risasi ni baya, kwamba huenda mumewe angekufa tu hata angefanyiwa nini.

"Sasa unasema ingine," akanijibu bila kusimama. "Ile ya kwanza ndiyo iko kweli."

Miezi michache baadaye jirani wa yule mama alijikata mguu kwa shoka akipasua kuni. Watu walikimbia huku na huku wakipiga kelele. Yeye akapiga magoti akakandamiza, kitambaa juu ya kitambaa, akapanda naye lori mpaka zahanati ya Koboko bila kuachia. Yule bwana akapona. Wakubwa wangu wakanisifu mbele ya watu.

Nikaenda kumshukuru. Nilimkuta anapepeta simsim, wala hakuinuka.

"Sista, nilikuwa nabonyeza, nasikia bwana yangu analia," akasema. "Kumbe ilikuwa kazi rahisi hivi. Enda."

Nikaenda. Ludara sikuomba tena kutumwa.