Ufunguo wa Pembe Tatu

Mume wangu ni mpiga besi, lakini kabla hujamsikia akipiga, lazima kwanza umsikie kaka yake akisema. Kwenye kila harusi, bendi ikishachangamka kwa nyimbo mbili tatu, shemeji yangu anaweka chini gitaa lake la solo, anachukua maikrofoni na kumvuta mdogo wake hadi mbele. Anauinua mkono wa kushoto wa mume wangu ili watu wote wauone. "Kidole hiki kidogo," anasema, "nilikivunja mimi kwa mlango, tulipokuwa watoto. Na gitaa hili nimelichonga mimi kwa mikono yangu, ili aweze kupiga." Watu wanapiga makofi, akina mama wanafuta macho, na bwana harusi anajipapasa mfukoni. Mume wangu anatazama viatu vyake. Kisha muziki unaendelea.

Kwa sababu ya hotuba hiyo, jina lake la mjini ni Kidole. Mtu mzima, mwenye mke na ndevu, anaitwa Kidole. Mimi nimekataza asiitwe hivyo mbele yangu, na kwa kuwa mdomo wangu wanaujua, wananingoja nipite.

Kuhusu gitaa lenyewe nitasema haki, maana hasira isinifanye mwongo. Ni zuri. Shemeji ni seremala, na alilichonga kwa mbao nyekundu ngumu iliyobaki kwenye milango ya benki fulani. Kabla hajaanza alimpa mume wangu bonge la udongo mbichi alishike kama anayeshika shingo ya gitaa, akalianika, akachonga shingo kwa kufuata alama za vidole zilizobaki. Upande wa kile kidole kibovu aliipunguza sana ile shingo, kwa hiyo kidole kinafika bila kujinyoosha. Kwenye gitaa lingine lolote hakifiki. Mume wangu anapolipiga hili, sauti unaisikia kwenye nyayo kabla haijakufika masikioni, nami nilimpenda mwanamume huyu kwa nyayo kwanza.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya shemeji. Mume wangu humo ndimo anamofanya kazi, anapiga msasa makabati kuanzia asubuhi. Meza yetu kaitengeneza shemeji, na viti pia. Nikilala, nalala kwenye kitanda cha shemeji, na usicheke, maana ndivyo ilivyo. Vumbi la mbao liko kwenye chai, kwenye mto, kwenye nywele za mume wangu. Na kila kitu kimepimwa vizuri, kimetutosha vizuri, hakuna hata kiguu kimoja cha meza kinachocheza. Mtu akikupiga unaweza kumshtaki. Akikupenda namna hii unampeleka wapi?

Sasa, ndani ya shingo ya gitaa kuna chuma kirefu chembamba, chenye nati kwenye ncha yake ya juu. Mvua zikianza, mbao hunywa unyevu, shingo inapinda, nyuzi zinapanda juu na vidole vinaumia. Hapo mtu hukaza kidogo ile nati, shingo ikanyooka. Magitaa ya dukani yana nati ya kawaida na ufunguo wake unauzwa popote. Shemeji wakati ule hakuwa na nati ya namna hiyo, akajitengenezea yake, ya pembe tatu, na ufunguo wake akauchonga mwenyewe kwa tupa. Ufunguo huo uko mmoja duniani. Unakaa kwenye mkanda wa suruali yake pamoja na funguo za karakana, na kila majira yakibadilika mume wangu anambebea gitaa kaka yake kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

Miaka yote hiyo sikuona ubaya wake. Nilikuja kuuona siku alipotokea mpiga kinanda.

Mpiga kinanda huyo ni mama wa makamo, kiongozi wa bendi ya hoteli kubwa iliyo karibu na stesheni. Alikuja kwenye harusi moja kama mgeni. Shemeji alipokuwa anapakia spika, yule mama alimfuata mume wangu nyuma ya jukwaa. Hakumwambia pole ya kidole. Alimuuliza jina lake. Kisha akamwambia kwamba mpiga besi wao anahama, kwamba kazi ni ya mshahara na chumba kipo, na kwamba aje Jumatano asubuhi, aje na gitaa lake, wamsikilize.

Nyumbani mume wangu alivua viatu akakaa navyo mikononi. "Ameniuliza jina langu," aliniambia. Akarudia tena baadaye, tukiwa tunakula.

Wiki hiyo hiyo mvua zikaanza, na zilianza kwa fujo. Kufikia Jumapili shingo ilikuwa imepinda na nyuzi zimepanda hata mimi niliona kwa macho. Mume wangu akambebea kaka yake gitaa, nikamfuata na ufagio, nikajifanya nafagia mlangoni.

"Kaka, nyuzi zimepanda. Naomba uniangalizie."

Shemeji alilitazama kwa jicho moja, shingo yote, kama anayetazama mbao kama imenyooka. Akasema mbao imelewa maji, ikikazwa sasa itakosea, bora likae ukutani karakana mpaka Jumamosi. Kisha akauliza, "Kwani una haraka gani?"

"Sina," mume wangu akajibu.

Nilikaribia kuutupa ule ufagio. Tulipofika ndani nilimpa maneno yake. Nilimwambia arudi akaseme: kaka, nimepata kazi, nikazie gitaa. Sentensi moja, hata mtoto anaiweza.

"Nikimwambia atalia," akasema.

"Alie."

"Hujawahi kumwona kaka akilia."

Ningemwambia mengi zaidi, lakini nilijua yatakayomkuta huko nje. Akiondoka, watu wote wanaopiga makofi harusini wangesema fadhila ya punda ni mateke. Wangemnyooshea kidole, na kidole chenyewe ni jina lake. Mume wangu anamwogopa kaka yake kwa namna ambayo sijui nikuelezeje, maana kaka mwenyewe hajawahi hata kumpandishia sauti. Anamwogopa kama unavyoogopa kumwamsha mgonjwa. Nami usiku na mchana nilihisi kama nyumba nzima imefungwa kwa nje na tumeachiwa madirisha ya kuchungulia.

Jumanne shemeji alikwenda na lori kupeleka kabati la mtu. Niliingia karakana na kipande cha sabuni ya kufulia, nikakikandamiza kwenye tundu la ile nati, juu kabisa ya shingo. Alama ilitoka safi, pembe tatu. Nikaipeleka kwa fundi funguo pale sokoni.

Aliigeuzageuza ile sabuni. "Hili tundu sijawahi kuliona. Ni la sefu ya nani, dada?"

Nilimwambia ni la mdomo wa shemeji yangu, nataka kuufunga. Alicheka mpaka akaweka tupa chini, kisha akanichongea ufunguo nami nikiwa nimesimama pale pale juani.

Mume wangu alipouona hakunilaumu wala hakunisifu. Alikwenda karakana akalishusha gitaa ukutani, akalileta chumbani na kulilaza kitandani. Nakumbuka alivyofuta mikono kwenye shati. Tatizo ni kwamba shemeji kila mara hukaza ile nati akiwa ametugeuzia mgongo, ameinamia meza yake, na sisi kwa miaka yote tulikuwa tunaona mabega tu. Hatukujua kwamba kwanza hulegeza nyuzi zote. Hatukujua kwamba huikunja shingo kidogo kwenye paja lake kuisaidia, ndipo akazungusha ufunguo, na kuzungusha kwenyewe ni kama kunong'ona. Mume wangu alizungusha nyuzi zikiwa zimekazwa, kama anavyokaza bawaba za kabati.

Nyuzi zilishuka kidogo. Akapiga noti mbili, akatabasamu. Akazungusha tena, zikashuka tena. Alipozungusha mara ya tatu, mbao ililia mara moja tu, sauti fupi. Ufa ulitoka kwenye tundu la ufunguo, ukateremka nyuma ya shingo hadi pale kidole gumba kinapokaa.

Mume wangu alianza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, polepole sana, wakati kulegeza kulikuwa hakuna faida tena. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia kwa ajili yetu wote wawili.

Jumatano tulikwenda hotelini hivyo hivyo, mikono mitupu. Nilimlazimisha. Yule mpiga kinanda alimpa besi ya hoteli, nyeusi, inang'aa, ya dukani. Wimbo wa kwanza alianza vizuri, nikaona vichwa vya wenzake vinaanza kutikisika. Lakini kila palipohitajika kidole kidogo, pakawa na shimo. Kidole kilikuwa kinakwenda, nilikiona kinavyokwenda, na hakifiki. Jasho lilimtoka. Yule mama aliinua mkono, muziki ukasimama, akamuuliza lile gitaa lake la harusini liko wapi. Mume wangu akamwambia limepasuka.

"Nakushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Likitengenezwa, au ukipata lingine linalokufaa, njoo moja kwa moja. Zaidi ya hapo siwezi, na mimi nina wakubwa."

Tuliporudi tulimkuta shemeji chumbani kwetu, amekaa kwenye kiti alichotutengenezea, gitaa liko mapajani, na ule ufunguo wa sokoni uko kiganjani mwake. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Hakukuwa na vita.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," alisema. Na kweli akalia. Alilia kwa mdomo wazi, kama alivyolia, nadhani, siku ile ya mlango. Mume wangu akapiga magoti mbele yake akaanza kumbembeleza. Pole kaka, yamekwisha kaka, nisamehe kaka. Aliyevunjikiwa gitaa na ndoto ndiye aliyekuwa anatoa pole. Niligeuka nikatazama ukuta, maana ningeweza kumchukia yule mtu ningepumzika, lakini kilio chake kilikuwa cha kweli.

Alipotulia akauliza tulikuwa wapi. Na hapo mume wangu, Mungu ambariki, alisema ukweli: hotelini, wanataka mpiga besi, wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Shemeji akajifuta uso kwa kiganja. "Vizuri," akasema. "Mwezi unatosha. Nitakuchongea jingine, bora kuliko hili."

Jumamosi kulikuwa na harusi. Mume wangu alipewa manyanga ayatikise nyuma kabisa jukwaani. Shemeji alichukua maikrofoni kama kawaida, akauinua ule mkono, na safari hii hadithi ilikuwa na mwisho mpya: gitaa limepasuka, lakini ndugu ni ndugu, atamchongea jingine. Sijawahi kusikia makofi marefu kama yale. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu walimsifu mpaka nikaona sina tena kiu ya tembo lake. Mume wangu alirudi kwenye manyanga yake.

Jumapili asubuhi shemeji alituita karakana. Alikuwa na tepu ya kupimia, penseli sikioni na moyo mweupe. "Nyoosha mkono," akamwambia mdogo wake, na mume wangu akauweka mkono wa kushoto juu ya meza ya useremala na kuvitandaza vidole. Shemeji alipima kimoja kimoja. Kile kidogo alikigusa kwa upole ambao mimi mkewe sina.

Alipomaliza, mume wangu hakuuondoa mkono. "Kaka," akasema, "safari hii weka nati ya kawaida. Ile ambayo funguo zake zinauzwa dukani."

Shemeji hakukasirika. Alisema za dukani hulegea, mbao ikilewa hazishiki. "Nitakuwa nakukazia mimi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Ya kawaida, kaka."

Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akimrudishia kaka yake neno mara mbili. Nilishika ukingo wa mlango.

Shemeji aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekubali. Kisha akaichukua tena tepu na kuanza kupima upya, kuanzia kidole gumba, vidole vile vile alivyokwisha kuvipima. Alipofika kwenye kile kidogo akasimama, akaenda dirishani, akatazama mvua. Akasema, bila kugeuka, kwamba gitaa kama lile halichongwi kwa mbao yoyote tu. Itabidi mti ukatwe, upasuliwe, mbao ikaushwe kivulini taratibu, na mbao ikikauka kivulini haitaki kuharakishwa, pengine mwakani, pengine zaidi.

Juu ya vichwa vyetu mbao kavu zilikuwa zimepangwa hadi darini. Mume wangu alizitazama, nami nikazitazama, kisha tukatazamana. Mkono wake ulikuwa bado uko mezani, umetandazwa, unangoja kupimwa.